Nimewaambia ni utani

Ushindi, niko kwenye gari hapa chuoni Arlington. Sijawasha injini.

Si nilikuambia wameniita kuwatafsiria maoni ya mtandaoni? Wasomi watatu wanachunguza ubaguzi, kila mmoja na taaluma yake: kompyuta, saikolojia, mila na desturi.

Wameweka kwenye skrini maoni ya chini ya shairi langu. Lile la mama, la maisha yetu kambi ya wakimbizi kule Kenya. Majina wameyaficha, hawakujua ni mimi.

"Kiswahili gani hiki? Rudi kambini ukapange foleni ya unga."

Hilo ndilo nililotafsiri. Kwa sauti, ndugu yangu.

Wa kompyuta akasema mashine yake, ile wanayoifunza kutambua ubaguzi, haioni tusi. Kweli, neno la tusi halimo. Wa saikolojia, mama mpole, akaniuliza, "Aliyeandikiwa haya atakuwa alijisikiaje?"

Wote wananitazama. Mimi ninayemjibu kila mtu kwa beti.

Sikutaka wanihurumie. Nikasema, "Ni utani tu. Wakenya na sisi Wakongomani tunataniana hivyo."

Hata nikacheka.

Yule wa mila akafurahi, akaanza kuwaeleza wenzake habari za watani. Wa kompyuta akauliza, "Kwa hiyo si ubaguzi?"

Nikasema si ubaguzi.

Nikasema si ubaguzi, Ushindi.

Akabonyeza, maneno yale yakahamia upande wa maoni salama. Akanipa mkono. Akasema kuanzia leo, mtu yeyote akiandikiwa hivyo, mashine itajua ni utani.