Vuli Haijaisha

Kaka yangu mpendwa,

Karakana ya baba haipo tena. Ilianguka Jumatano iliyopita, mchana kweupe, maji ya ziwa yalipopenya chini ya ukuta wa nyuma. Nimeona nianze na hilo nisije nikalizunguka. Sasa nikusalimie.

Hujambo? Wifi hajambo? Na wanangu wanaendeleaje? Yule mdogo ameshaota meno, au ameshaanza kuyang'oa, maana katika picha ya mwisho tuliyopata hakuwa na hata moja? Sisi huku wazima, ila tumelowa. Mama anakusalimu sana. Asubuhi kifua kinambana, lakini ulimi wake unaujua, huo haujaingia maji.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia, kaka, na kila nikikaribia jambo lenyewe mtandao wako unaanza kukatika. Barua haikatiki. Nimempa muuguzi jirani yetu anayekuja huko kwenye mafunzo, nikamwambia akukabidhi mkononi na asimame hapo mpaka uifungue. Mkaribishe chai, mtu wa watu huyo.

Mvua ya mwaka huu si ile unayoijua wewe. Vuli tuliyokulia ilikuwa na adabu zake: inakuja mchana, inapiga, inakwenda zake, jioni watu wanaanika nguo. Pipa la uani lilikuwa likijaa mara mbili au tatu kwa msimu, na baba akilikuta linafurika alituita wote tuje kulitazama kana kwamba kalizaa yeye. Safari hii nilihesabu mpaka mara kumi na moja nikaacha, kwa sababu pipa lenyewe lilielea likaondoka. Uwanja wa mpira sasa unavuliwa samaki. Kuna bwana mmoja ametega nyavu palepale golini, na vijana wanasema hatimaye goli lile limepata nyavu.

Lile jua linalotenganisha vuli na masika halikuja kabisa. Tulilingoja, tukachoka. Mzee Koleo, yule msaidizi wa baba aliyekuwa akikupa vipande vya bati utengeneze magari, anasema vuli imetoroka na masika bila hata posa. Watu sokoni wanabishana tuko msimu gani. Mama peke yake ndiye habishani. Kwake hii ni vuli, na haijaisha. Neno hilo nitalirudia, maana ndilo lililonikalisha mezani kukuandikia.

Kwanza karakana. Nilikuwepo ilipoanguka. Haikutoa kishindo nilichokitegemea. Iliketi tu, kama mtu aliyesimama sana, halafu bati za paa zikateleza moja baada ya nyingine kuingia majini. Niliwahi kutoa mkasi mkubwa na zile nyundo za mbao. Meza ya kukunjia bati sikuiweza. Ile yenye alama nyeusi ulipoweka chuma cha kulehemu ukasema ni paka. Paka gani, baba alikuuliza, anayeshika chuma cha moto? Ukasema paka wa jirani. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Siku zile nilikuwa najua mvua imeanza kabla sijafumbua macho, kwa harufu ya ile risasi ya kulehemu. Baba hakuwahi kuvumilia kulala mvua ikinyesha. Alitoka na koti lake la mpira kwenda kusikiliza mifereji ya paa aliyoifunga kwenye nyumba za watu. Alisema kila mfereji una sauti yake, na ule unaonung'unika ana deni nao. Akirudi, anawasha moto, anaanza kulehemu cha kesho, na sisi tunapewa kazi yetu ya gololi. Sijui kama wanao umewahi kuwasimulia. Mfereji haukutoka karakana ile mpaka gololi ishuke yenyewe kutoka ncha hadi ncha bila kusita. Wewe uliachia juu, mimi nikadaka chini. Ikisita katikati, baba anachukua nyundo.

Hivyo ndivyo tulivyogawanywa tangu mwanzo, nami sitajifanya sikuona. Wewe ulipelekwa shule ya mbali, mimi nikabaki nashika ngazi. Shukuru Mungu, ngazi hiyohiyo nimeipanda. Leo nina karakana yangu mtaa wa juu, mafundi sita, na mashine ya kukunjia bati ambayo baba angeizunguka siku nzima bila kuigusa. Sikuoneshwa njia na mtu. Wateja wa kwanza walikuwa wakifika wananiuliza fundi yuko wapi, nikiwaambia ndiye mimi wanatazama nyuma yangu. Siku hizi hawatazami. Hayo nayasema ili ujue kwamba sikuandikii kuomba chochote unachoweza kutuma.

Kwangu kuna chumba cha mama. Nimekipiga sakafu, nimeweka kitanda, dirisha linatazama ziwa kwa mbali, mbali panapofaa kulitazama. Chumba hicho kiko tayari tangu maji yalipofika kwenye mti wa uani. Mama hataki kuhama.

Elewa hatari yenyewe, maana huko uliko unaweza kudhani nakuza mambo. Ukuta ulioanguka ni pacha wa ukuta wa chumba anacholala. Baba aliujenga kwa udongo uleule, akausimamisha wiki ileile. Una ufa. Mara ya kwanza nilipoupima haukupitisha hata kucha, leo unapitisha kidole gumba. Kitanda tumekiinua kwa matofali matatu kila mguu, na asubuhi mama anashuka moja kwa moja kwenye maji kama mtu anayeshuka mtumbwini. Majirani wote wamehama. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mabuti yake marefu, akamsihi kwa heshima zote, akimwita mama yangu, mama yangu. Mama akamjibu kwamba kama ni kuhamisha, aanze na ziwa, kwa kuwa ndilo lililovamia, yeye alikuwepo. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Mimi nikatazama mabuti yake.

Nimejaribu kila mlango. Nimembembeleza, nimenuna, nimemleta Mzee Koleo aje amchekeshe mpaka alainike. Mama alicheka kweli, akampa na uji, akamwambia njia ya kurudi aijue mwenyewe. Kila tukimbana anatujibu jambo moja. Anasema mwanangu ameahidi kuja, ataikuta vipi nyumba haina mtu?

Maana ulimwambia, kaka. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, simu ikiwa kwenye sauti kubwa. Hukuja kumzika baba, na hilo sikulisema siku ile wala silisemi leo. Lakini baadaye ulimpigia ukamwambia kwa sauti nzuri kabisa: mama, vuli ikiisha niko hapo.

Huko kwenu vuli ni ile miezi ya majani kudondoka. Ina mwanzo na mwisho, mmeichapa kwenye kalenda. Majani yalidondoka, yakafagiliwa, theluji ikaja ikaondoka. Nina picha zako ukiwa na wanao mmejifunga skafu. Kwa hesabu ya huko umeshachelewa. Lakini mama hajui kalenda ya huko. Mama anajua vuli moja tu, ile inayoisha mvua inapokatika, na mvua haijakatika. Kwa hesabu yake hujachelewa hata kidogo. Jirani aliyehama akipita kumtupia neno, kwamba yule kijana wako mbona kimya, mama anamjibu kwa utulivu kama karani wa mahakama: alisema vuli ikiisha. Imeisha? Tazama nje. Na anayeuliza ameshika mwavuli.

Mimi nilidhani ni uzee. Nilidhani amekamata neno moja na kulishikilia, kama wazee wanavyoshika ufunguo wa sanduku lisilo na kitu. Nikakasirika kwa niaba yake, na kwa niaba yangu zaidi. Halafu kukatokea jambo ambalo sikulielewa. Asubuhi moja jua lilitoka. Halikukaa, lakini lilitoka hasa, hadi mabati yakafuka mvuke, na huko mtaa wa juu tulikohamia, watu wote walitoka nje wakapiga vigelegele. Nikakimbia kwa mama kumpa habari njema. Nilimkuta anafunga dirisha.

Jumatano karakana ilipokwenda, nilimfuata chumbani nikiwa nimelowa hadi kifuani, mkasi wa baba mkononi, na hasira ikanishinda. Nilimwambia waziwazi kwamba anakufa kwa kumsubiri mtu ambaye haji. Sijawahi kumpandishia mama sauti hivyo. Nilitegemea kofi.

Aliniambia nikae. Akanifuta kichwa kwa kanga yake, polepole, kama zamani tukitoka mvuani. Kisha akasema anajua. Anajua huji, alijua siku ileile, kabla simu haijakatwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuzaa na sauti yako ya kuahidi na sauti yako ya kuaga hazifanani. Lakini mvua ikinyesha, alisema, mwanangu bado si mwongo. Siku itakayokatika, mtaa mzima utajua. Ndiyo maana kila alfajiri, wakati watu wote wanaomba ikome, yeye anaomba iendelee. Akaniuliza kama nadhani ni dhambi, akiwaza watu waliopoteza nyumba. Nilikwenda kuupima ufa tena, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Basi ndivyo ilivyo. Mama hangoji wewe uje. Amekaa chini ya ukuta ule akilinda jina lako kwa mvua, na hatatoka mpaka mtu amvue huo mzigo. Mimi siwezi, nimejaribu. Anayeweza ni yule aliyemtwika. Na redio inasema mvua itaanza kupungua wiki ijayo. Mimi niliyeingoja siku hiyo kwa hamu, sasa naiogopa.

Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichotuma kilimpendeza mama, amekikunja juu kabisa ya kabati ambako maji hayajafika. Wabusu wanao, waambie shangazi yao anajua kutengeneza gari la bati lenye milango inayofunguka. Mzee Koleo anakusalimu, anauliza kama bado unamlaumu paka wa jirani.

Sasa unijibu. Unakuja au huji? Kama unakuja, nipe tarehe. Usinipe majira. Kama huji, nakuomba useme hivyo kwa kinywa chako, umwambie kwamba huji na kwamba kosa ni lako, ili ainuke kwenye kitanda kile akiwa hana tena jina la kulinda. Jumapili ijayo, saa sita mchana, nitakuwa nimeketi kando yake, simu wazi, sauti juu. Usimwulize hali ya hewa. Piga, umwambie: naja, au siji?

Ni mimi mdogo wako,
fundi bati