Niliwalisha Inzi Maziwa

Masasi, Novemba

Dada yangu mpendwa, Mama Ladislaus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Joto tu ndilo linatutesa, na mabibo ya mikorosho yameshaanza kuoza kila shamba.

Kwanza nakushukuru. Tangu niajiriwe kufuga inzi kwenye kituo cha utafiti, watu wananiita Mama Inzi. Pale msibani Lulindi, kwa wakwe zangu, ugali niliousonga ulikaa bila kuguswa, eti ungewaharisha. Wewe ukanawa, ukala mbele yao wote, halafu ukaomba na ukoko! Mungu akubariki, dada, siku ile ulinisitiri.

Kazi yenyewe ni kuwalisha inzi maziwa na sukari, wazaane, kisha tuwajaribie dawa. Za dukani wameshazizoea, wanazioga tu na kuruka zao. Mtaalamu wetu, Bi Yuster, anachemsha majani ya mwarobaini, anachanganya na madini ya fedha, maji yanageuka rangi ya chai. Anasema humo mna chembe ndogo ajabu, na ndizo zinazoua. Mwezi uliopita tuliruhusiwa kuipulizia vyooni na kwenye marundo ya mabibo kule Kitangari. Mama mmoja akatuita tukaone uji wa mwanawe uko wazi mkekani, hauna hata inzi mmoja. Nikamwambia aufunike hivyo hivyo.

Sasa dada, kuna jambo sijapata kukwambia. Nyote mnadhani niliifuata kazi hii kwa ajili ya mshahara. Sivyo. Tangu kuhara kumchukue Huruma wangu, nilikuwa nawaona inzi mdomoni pake hata nikifumba macho. Niliiomba ili niwaone wakifa. Walipokufa nilidhani nitacheka. Nikakaa chini sakafuni nikalia, maana mwanangu hakurudi. Bi Yuster alinishika mkono mpaka nikanyamaza. Lakini yule mtoto wa Kitangari alipokunywa uji wake, moyo ulitulia, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wasalimie wote hapo Chilangala, wakubwa kwa wadogo. Na Jumamosi, goti likikuruhusu, njoo na jembe lako. Tangu tumzike Huruma sijakanyaga kaburini kwake. Nataka tukapalilie, na peke yangu siwezi.

Mdogo wako akupendaye,
Dorika