Vikinga Nilivyomwambia Ombati Avue

Mosocho, Jumapili, Agosti 1948. Mvua tangu saa nane, na roho nzito.

Mdogo wangu Ombati alipoteza mwendo wake Jumamosi ya pili ya Mei, kwenye mechi yetu na timu ya Magwagwa. Mfupa wa ugoko uliunga vibaya, na sasa mguu wa kulia umepungua inchi moja na robo. Nimeupima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea. Na kazi ya msaidizi wa mifugo, aliyokuwa aianze Juni, imekwenda. Kazi ile ni maili kumi na mbili kwa siku, kwa miguu.

Na kinga alikuwa nayo.

Mimi ni fundi cherehani, na hakuna aliyenifundisha bure wala kunipa mtaji. Msimu uliopita niliwaona wachezaji wetu wanne wakitolewa uwanjani wamepasuka ugoko, maana sisi tunacheza pekupeku na beki wa Magwagwa ana viatu vya jeshi alivyorudi navyo vitani. Nikakata turubai, nikashona vikinga vya ugoko vyenye vipande vya mwanzi ndani, jozi kumi na moja. Nikavijaribu kwa rungu. Havikuvunjika.

Wenzangu wakavikataa. Mara vinawasha, mara vinalemea. Jozi nzima haifiki ratili moja! Sababu yenyewe hakuna aliyeitaja. Kwetu mwanamume alisimama mbele ya mtahiri bila kupepesa jicho, na aliyepepesa anakumbukwa hadi leo. Sasa nani ajifunge mwanzi mguuni mbele ya watu mia mbili, aonekane anaogopa teke?

Ombati peke yake ndiye aliyevaa. Alipoingia uwanjani, kapteni wa Magwagwa akawauliza wenzake kwa sauti kama huyu alitahiriwa akiwa amefunikwa blanketi. Watu wakacheka, hata wazee wa rika la baba. Mimi ndiye niliyekuwa kapteni wetu. Nikaona kicheko chote kimeniangukia mimi.

Nikamwendea. "Vua. Unatuaibisha."

"Momura ominto," aliniita, ndugu yangu, "si wewe uliyevishona?"

Nikarudia. Akavua.

Haikupita nusu saa, yule beki wa viatu vya jeshi akampiga teke, mfupa ukalia. Niliusikia kutoka katikati ya uwanja.

Miezi mitatu sasa nina hasira na yule beki, na yule kapteni, na wote waliocheka. Hasira hiyo ni haki yangu. Lakini aliyesema "vua" si wao.

Baba hakuwapo uwanjani, na anaamini Ombati alivivua kwa ukaidi wake. Kila jioni anamsema: "Ndugu yako amekushonea kinga, wewe ukajitia dume. Haya, chechemea." Ombati anatazama chakula chake, hanitaji. Nami nanyamaza. Siku ile niliogopa watu mia mbili. Hapa mezani ninamwogopa mmoja.

Leo tulipotoka kanisani Ombati aliniambia amechoka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema yeye hatanitaja kamwe, ila hawezi kuendelea kusemwa kwa kosa langu nikiwa nimeketi pale pale.

Baba huenda kukamua saa kumi na mbili asubuhi. Basi nijibu, fundi, kabla hajafika zizini kesho: utamwambia, ndiyo au hapana?