Milango ya Kabati la Baba

Jumamosi, 3 Mei
Nimeamua! Milango ya kabati la Baba naigeuza ubao wa kuandikia na kufuta. Tangu apooze upande mmoja hasemi, ila mkono wa kushoto mzima. Karatasi zinamponyoka, mlango utaponyoka uende wapi? Kaka anasema Baba haelewi kitu tena, bora ahame hapa kwangu akakae kwake yeye Kaka. Haelewi nani? Atajionea.

Jumapili, 4 Mei
Msasa tangu asubuhi. Mbao za zamani, vinyweleo wazi — ziba, sugua, ziba tena. Halafu rangi ya chini. Baba anatazama toka kitandani. Nikiruka kona, ananyoosha kidole. Huyo ndiye asiyeelewa!

Jumatatu, 5 Mei
Rangi yenyewe leo. Inakuja makopo mawili. Ukishachanganya hakuna soga, inaganda. Rola ya sponji, mkono mwepesi. Imetoka kama kioo! Fundi ni mimi. Sasa ikomae wiki nzima. Ukiandika mapema wino unazama na hautoki ng'o.

Alhamisi, 8 Mei
Kaka anakuja Jumamosi. Nimemwomba asubiri rangi ikomae, hataki. Eti wifi ameshatandika kitanda. Haya. Aliyemuuguza Baba ni mimi, hapa haondoki.

Jumamosi, 10 Mei
Wamekuja na gari, na begi tupu la nguo za Baba. Kaka akaanza tena: mzee hajui hata alipo. Nikapandwa na hasira. Nikampa Baba kalamu mimi mwenyewe — rangi itajijua!
"Baba, waandikie. Unataka kukaa wapi?"
Aliandika polepole, herufi kubwa, milango yote miwili: NIRUDISHENI NYUMBANI KWANGU.
Si kwa Kaka. Si hapa. Nyumba yake tuliifunga mimi na Kaka, Baba alipokuwa hospitalini, wala hatukumuuliza. Nimeona aibu.
Kaka akasema Baba hakulielewa swali, aandike upya. Akafuta kwa kitambaa. Wapi! Akatia spiriti. Maandishi yako palepale. Nikamnyang'anya kitambaa nikasugua na mimi, kwa nguvu zote, mpaka Baba akanishika mkono.
Sasa Kaka na wifi wako sebuleni. Mimi nimebaki humu. Funguo za nyumba ile ziko mfukoni mwangu. Baba amefungua kiganja, anangoja.