Kidumu Kimejaa

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mama ana uvimbe kwenye kibofu cha mkojo. Ijumaa wanaingiza kifaa wakate kipande. Shangazi Hyasinta, daktari bingwa wa vitenge Kariakoo, kasema ni presha ya wateja wa duka lao. Asante, Profesa.

Ila kuna kitu nimeona. Mama akitoka chooni tu — jasho, moyo mbio, kichwa kinagonga. Kila mara! Kumwambia Dokta Khushi kwa mdomo nikashindwa (kama kawaida), nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili. Akampima Mama presha, akamtuma chooni, akampima tena. Hakutabasamu.

Kumbe kuna uvimbe adimu unaomwaga homoni kibofu kikibana. Ukikatwa kabla mgonjwa hajaandaliwa kwa dawa, presha inapaa — anaweza kufa mezani. Kwanza wapime mkojo wa saa ishirini na nne. Wote. Ukipungua, majibu yataonekana safi na Ijumaa itabaki palepale.

Jumanne, 11 Machi
Kidumu cha mkojo kiko kwenye friji, kati ya maziwa na maharage. Nimekibandika: SI JUISI. Mama kaapa hatatoka nyumbani. Nimeenda shule na amani yangu yote.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi kidumu kimejaa hadi shingoni. Rangi ya maji ya bomba. Hongera kibofu!

Nikauliza. Jana mzigo ulifika, Mama akaenda dukani "dakika mbili". Choo cha kulipia sokoni, mara nne. Shangazi akacheka: mwanangu, kipimo kikipungua si unajazia? Unataka tuonekane tumepeleka robo?

Kariakoo oyee.

Nikasema turudie. Mama akaniambia polepole, Nice, usimwaibishe wifi yangu mbele za watu.

Saa nne, benchi la maabara. Nesi kauliza, ni wote? Mama kajibu, wote. Shangazi kaongeza, na chenji! Wamecheka wote watatu. Kidumu kimepokelewa.

Nilikuwa nimeshaandika karatasi: "Umepungua. Umejazwa maji. Msimkate." Shangazi kaichukua mapajani mwangu, kafutia mikono, kaitupa. Hata hakuisoma.

Mama anatoka chooni. Anashika ukuta. Kanga imelowa mgongoni.

Dokta Khushi anakuja. Shangazi ananong'ona, acha kuandika, msalimie daktari.

Haya. Shikamoo nimeshaitoa. Kaitikia, bado kasimama, ananyoosha mkono apewe karatasi. Sina. Shangazi ananikodolea macho. Mama pia.

Nafunga daftari, nasimama. Sasa ni kwa mdomo.