Foksiwagen ya 1300

Ipogolo, Iringa
3 Machi 1974

Baba, shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku hunisalimu asubuhi kabla ya watu. Nyumbani mnaendeleaje? Mke wangu Tusekile, tumbo limefika wapi?

Umeuliza Foksiwagen ipi. Hapa gereji nimeshazifungua za kila aina. Zilianza Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na injini isiyofika hata cc 1000. Sasa kuna 1200: haifi upesi, lakini milima yetu itaipanda ikiomba dua. 1500 ina nguvu, ila inakunywa kama mgeni wa harusi, na bei ya petroli mwaka huu unaijua. Chukua 1300. Mtoto wa kwanza alitufia njiani, mama yake akiwa kwenye machela. Huyu lazima afike hospitali.

Mwanao,
Anyitike

Kiwira, Mbeya
21 Aprili 1974

Mwanangu, hatujambo, pamoja na ng'ombe wachache waliobaki. Nimeipata ya 1300 kwa mwalimu anayehamia Tabora. Udereva wa migodini Kitwe haujanitoka. Majirani walifungua mbele, wakakuta mahali pa mizigo, wakanipa pole kwa kuuziwa gari lisilo na injini. Niliwaacha wasikitike kwanza, ndipo nikawafungulia nyuma. Jirani yetu Yotamu bado anauliza maji yanatiwa wapi.

Baba yako

Ipogolo
5 Mei 1974

Baba, shikamoo. Nimecheka mpaka bosi akaja kuangalia. Mwambie Yotamu injini hiyo inapozwa na upepo. Asije akaimwagia ndoo. Uchungu ukianza, Tusekile alale kiti cha nyuma, mama amshike. Sasa napata usingizi.

Mwanao

Kiwira
11 Juni 1974

Mwanangu, keti kwanza.

Tusekile ametutoka Alhamisi, pamoja na mtoto.

Gari liliwaka mara moja. Mama yako akamtoa nje. Alipoona ni mimi niliyeshika usukani, akajifunika uso, akarudi ndani. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, unajua; tangu umwoe sijauona uso wake. Kwenye lori angekaa nyuma na mizigo. Humu, toka kiti changu hadi chake ni mkono mmoja. Mimi na wewe tulipima milima, hapo hatukupima.

Mama yako akamwambia, "Panda, mwanangu, Mungu ataelewa."

Akajibu, "Mungu ataelewa, mama. Baba je?"

Nikatundika blanketi katikati ya viti. Akakataa. Nikamwita kwa jina lake, jambo nisilowahi kulifanya, akazidi kulia. Dereva mwingine hapa hakuna. Majirani wakambeba kwa machela. Nikawafuata kwa mbali na gari tupu, gia ya kwanza, labda atakubali njiani. Alitulia kabla hatujafika.

Kilima chote gari halikukohoa. Injini ulichagua vizuri.

Baba yako

Kiwira
15 Septemba 1974

Mwanangu, hii ni barua ya tatu bila jibu lako. Sisi tunapumua.

Mke wa mdogo wako Andendekisye ana mimba. Kwa hiyo mama yako anajifunza kuendesha. Binti anakaa kiti cha nyuma, azoee; mimi nakaa nyuma ya migomba asinione, napiga kelele, "Achia klachi polepole!" Mama yako ananijibu, "Nyamaza, mzee, au njoo uzae wewe!"

Jana walifika darajani, wakarudi wenyewe. Lakini klachi ameiunguza, imeanza kuteleza, na mafundi wa hapa siwaamini.

Njoo.

Baba yako