Mstari Mwekundu wa Bwawani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto.
Umri: miaka 14.
Kazi: mwanafunzi wa darasa la saba.
Makazi: nyumba ya mlinzi wa bwawa.
Aliyekuwepo: shangazi yake, dada wa baba.

Baba yangu ni mlinzi wa bwawa. Anatakiwa kufungua malango mara maji yanapogusa mstari mwekundu ukutani, kwenye alama ya mita tisa. Akichelewa, maji yanapita juu ya tuta.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa pili, saa kumi jioni, tulikwenda kuupaka upya kwa kuwa ulikuwa umefifia na mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Mimi nilikaa juu, nimeshika kopo la rangi. Baba alishuka kwa ngazi ya kamba, lakini ngazi ilikuwa fupi na brashi haikufika kwenye alama. Akapaka pale mkono wake ulipoishia.

Nikamwambia, “Baba, hapo sipo.”

Akacheka. “Mwalimu wangu, mkaguzi anatazama rangi, habebi rula. Jumamosi nitaushusha.”

Nyumbani naitwa Mwalimu kwa sababu nasahihisha watu. Jumamosi ilipita, na nyingine nyingi. Sikumkumbusha.

Mnamo tarehe 19 mwezi wa nne mvua ilikuwa na siku nne bila kukatika. Mama alikuwa bondeni kwa baba mdogo, ambaye mke wake alikuwa amejifungua. Saa tano na nusu asubuhi baba mdogo alipiga simu. Nilimsikia akiuliza, “Kaka, tuhame?”

Baba alichungulia dirishani. “Bado. Maji hayajagusa mstari. Kunyweni chai.”

Nilikuwa namenya viazi. Nilikumbuka ile ngazi. Nikasema, “Baba, mstari.”

Alinitazama, akakimbia nje bila viatu. Simu ya baba mdogo niliipiga mara saba, haikupatikana. Kila lango hufunguliwa kwa kuzungusha gurudumu la chuma kwa mikono. Baba alikuwa amemaliza moja kati ya manne tuta lilipokatika. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

Baba mdogo amepatikana. Tumemzika jana. Mama, mke wa baba mdogo na mtoto hawajapatikana.

Bwawa sasa ni tupu. Leo asubuhi nimepima kwa kamba kutoka alama ya mita tisa hadi mstari: sentimita 65.

Shangazi ameniomba nisiitaje ngazi. Baba, kwenye dirisha la mahabusu, ameniambia, “Mwalimu, sema kama ilivyokuwa.” Naomba bwawa likijengwa tena mstari urudishwe mahali pake. Niliyoyaona na niliyoyanyamazia ni hayo.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo na kusahihisha tarakimu moja. Nilikuwa nimeandika 60. Shangazi amekataa kutia sahihi.